Nyuki Hawa Walizaliwa Lini?

Mzinga ulikuwa mzito, na hapo ndipo tulipokwama.

Baridi ilikuwa imeanza kulegea, nasi tulikuwa tumekusanyika kwenye manzuki ya chama chetu cha wafuga nyuki kukagua mizinga kwa mara ya kwanza tangu tuifunge. Mmoja haukutoa mvumo wowote tulipougonga kwa kiganja. Tulipoinua mfuniko tulikuta masega yaliyojaa asali, imefunikwa kwa nta kutoka pembe hadi pembe, na katikati yake konzi moja ya nyuki waliokufa wakiwa wameshikamana. Malkia alikuwa miongoni mwao, na baadhi ya nyuki vibarua walikuwa wameingiza vichwa ndani ya vyumba vya sega.

Sababu zilianza kutolewa kabla hatujamaliza kutazama. Mmoja alisema ni baridi. Mwingine alisema ni njaa, akionyesha vile vichwa vilivyozama, ingawa asali ilikuwa umbali wa vidole viwili tu. Katibu, ambaye daftari lake halipendi mstari mtupu, aliandika "baridi kali". Mzee aliyefuga nyuki kabla wengi wetu hatujajua kushika fremu alichukua sega moja la katikati, akaligeuza juu chini, akalielekeza kwenye jua na kulitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alimwambia kijana aliyekuwa karibu naye, "nyuki hawa walizaliwa lini?"

"Mzee, sisi tunatafuta walikufa lini."

"Hilo nimelisikia. Mimi nauliza walizaliwa lini."

Hakuna aliyemjibu. Tuliufunga mzinga ule ili nyuki wa jirani wasije kuiba asali yake, tukaendelea na mwingine, lakini swali lile lilinifuata kwa wiki kadhaa, hasa kila nilipofungua ratiba ya mikutano yetu na kuona mahali tulipoweka kipengele cha "maandalizi ya majira ya baridi".

## Kifo kisichofanana na baridi

Kundi lenye afya haliuawi na baridi kirahisi. Joto la nje linaposhuka hadi karibu nyuzi 14 za Selsiasi, nyuki hukusanyika na kuwa kama mpira. Wale wa nje hupanga miili yao kama gamba zito, na wale wa ndani hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili kuzalisha joto. Gamba la nje linaweza kubaki kwenye nyuzi 10 hivi, huku katikati, pale kunapokuwa na majana (watoto wa nyuki), joto likifikia nyuzi 34 au 35. Asali ndiyo kuni yao. Lakini mpango huo wote unahitaji idadi. Nyuki wakiwa wachache mno, gamba linakuwa jembamba, kila mmoja anachoma asali nyingi zaidi ili kubaki hai, na kundi linashindwa hata kusogea kutoka sega lililokwisha kuliwa hadi lile la pembeni lililojaa.

Kwa hiyo konzi moja ya nyuki waliokufa katikati ya asali inatuambia walikuwa wachache. Haituambii kwa nini walikuwa wachache.

Kuhusu vichwa vilivyozama, nimesikia hoja ya njaa ikirudiwa mara nyingi hata imekuwa kama kanuni. Ni kweli kwamba nyuki wenye njaa hufa hivyo, wakilamba chumba cha mwisho. Ila nyuki waliojikusanya kwa ajili ya joto nao huingia katika vyumba vitupu ili mpira wao ubane zaidi, kwa hiyo alama hiyo peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Alama aliyokuwa akiitafuta mzee ilikuwa ndogo zaidi. Ukiligeuza sega la majana na kulitazama kwa pembe inayofaa, unaweza kuona vidoa vyeupe vilivyoganda kwenye dari ya vyumba. Hicho ni kinyesi cha varoa, utitiri mwekundu unaozaliana ndani ya vyumba vya majana vilivyofunikwa. Sega lile lilikuwa limejaa vidoa hivyo, chumba kwa chumba, na hilo lilimaanisha kwamba ugonjwa ulikuwa umefanya kazi yake muda mrefu kabla theluji ya kwanza haijaanguka.

## Kuhesabu kurudi nyuma

Nyuki kibarua aliyezaliwa wakati wa kazi nyingi huishi wiki tano au sita, kisha mabawa yake huchakaa. Nyuki anayezaliwa mwishoni mwa msimu ni wa namna nyingine: hana majana mengi ya kulea, anakula chavua na kuiweka mwilini katika tishu ya mafuta, na akiba hiyo humwezesha kuishi hata miezi sita. Yeye ndiye anayebeba kundi kutoka maua ya mwisho hadi maua ya kwanza.

Nilichukua kalamu nikaanza kurudi nyuma. Nyuki aliyekufa baridi inapoisha, kama aliishi umri wake wote, alitoka kwenye chumba chake majani yalipoanza kupukutika. Yai lake lilitagwa wiki tatu kabla ya hapo, kwa kuwa kibarua huchukua siku 21 kutoka yai hadi nyuki kamili. Lakini naye alilelewa. Waliomlisha ni nyuki wachanga walio katika wiki zao za kwanza, na kama walezi hao wamedhoofika, watamlea mtoto dhaifu. Mayai ya walezi hao yalitagwa wiki nne au tano mapema zaidi.

Ukijumlisha hayo yote, unafika katikati ya majira ya joto.

Wakati huo hakuna mtu chamani anayefikiria baridi. Masanduku ya asali yamepangwa juu ya mizinga, kila mmoja anaulizana na mwenzake kuhusu mavuno, na kundi linaonekana kuwa na nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Ndani, hata hivyo, mambo mawili yanapishana. Malkia ameanza kupunguza kutaga, na majana ya madume, ambayo varoa huyapenda kuliko mengine yote, yanatoweka. Varoa hawapungui. Wanabanana katika vyumba vichache vilivyobaki, ambavyo ndivyo vyumba vya nyuki wa majira ya baridi na vya walezi wao.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba varoa hunyonya damu ya nyuki. Utafiti wa Samuel Ramsey na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba chakula chake kikuu ni ile tishu ya mafuta. Niliposoma hilo, hesabu yangu ilipata maana mbaya zaidi: varoa anakula akiba ileile inayomtofautisha nyuki wa miezi sita na nyuki wa wiki sita. Wakati huohuo anaeneza virusi, vikiwemo vile vinavyopotosha mabawa. Nyuki aliyeliwa hivyo anaweza kuonekana mzima anapozaliwa, akaingia ndani ya mpira pamoja na wenzake, kisha akafa katikati ya baridi kwa uzee wa mapema.

## Kalenda ya kabla ya varoa

Mkutano wetu wa maandalizi ya majira ya baridi hufanyika majani yakiwa tayari chini. Tunajadili uzito wa mizinga, ambayo tunaipima kwa kuinua upande wa nyuma kwa mkono mmoja. Tunakumbushana kwamba kundi linahitaji akiba ya kutosha, kuanzia kilo 18 hivi za asali kwenye baridi ya wastani hadi zaidi ya kilo 30 kwenye baridi ndefu, na kwamba shira nzito ya sukari ilishwe mapema ili nyuki wapate muda wa kuikausha na kuifunika. Tunazungumzia kupunguza mlango ili panya wasiingie, na kuacha hewa ipite ili unyevu usidondokee nyuki. Yote hayo ni sahihi, na wala sisemi yaachwe.

Lakini nilianza kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba maandalizi yaanze hapo.

Nilimuuliza mzee. Alisema kalenda hiyo aliikuta, na waliomkabidhi nao waliikuta. Varoa alikuwa mdudu wa nyuki wa Asia, *Apis cerana*, ambao wamezoeana naye. Alipohamia kwa *Apis mellifera*, alikutana na nyuki wasio na kinga. Aligunduliwa Marekani mwaka 1987, Uingereza mwaka 1992, New Zealand mwaka 2000 na Australia mwaka 2022. Kabla ya hapo, mtu aliyewaachia nyuki wake chakula cha kutosha na mzinga mkavu alikuwa amefanya karibu kila kinachohitajika, na mkutano wa wakati wa majani kupukutika ulitosha kabisa. Waliotuachia ratiba ile walikuwa na hekima. Tatizo ni kwamba adui amebadilika na tarehe imebaki palepale.

Hilo lilinipunguzia hasira. Nilikuwa nimeanza kuwaona viongozi wetu kama wazembe, na haikuwa haki.

## Foleni ya mashine

Kilichogeuza mawazo yangu kutoka kulalamika hadi kupendekeza ni daftari la kuazima vifaa. Chama kina mashine moja ya kukamulia asali, nayo huzunguka kwa wanachama kwa foleni. Nilikuwa nikilipitia daftari hilo kwa shughuli nyingine kabisa, nikitafuta ni nani aliyebaki na kichujio, ndipo nilipoona kwamba majina yaliyo mwisho wa foleni yalifanana sana na majina ya waliokuwa wakiripoti makundi yaliyokufa.

Maelezo yanaweza kuwa rahisi. Dawa nyingi za varoa haziruhusiwi kuwekwa mzingani wakati masanduku ya asali ya kurinwa bado yako juu, kwa sababu mabaki yake yataingia kwenye asali. Asiye na mashine hawezi kukamua. Asiyekamua hatoi masanduku. Asiyetoa masanduku hawezi kutibu. Dawa zenye thaimoli nazo zinahitaji joto ili mvuke wake usambae, kwa hiyo anayechelewa hadi hewa ipoe anapata matokeo hafifu hata akifuata maelekezo yote. Wiki chache za foleni zinaangukia palepale ambapo walezi wa nyuki wa majira ya baridi wanazaliwa.

Nilifurahi mno kwa ugunduzi huo, kisha nikaanza kuutilia shaka. Walio mwisho wa foleni kwa kawaida ni wanachama wapya, na wanachama wapya wana sababu nyingi za kupoteza makundi: wana mizinga michache, wengine hawajazoea kumtambua malkia, na wengine huogopa kupunguza makundi dhaifu kwa kuyaunganisha. Huenda foleni haikuua nyuki hata mmoja. Majina kwenye daftari moja hayathibitishi kitu, na ningekuwa mwongo kama ningesimama kikaoni na kusema yanathibitisha.

Hata hivyo, ukweli kwamba sababu ni nyingi haukunizuia kuona kwamba hii moja iko mikononi mwetu. Upya wa mwanachama hatuwezi kuubadilisha. Foleni tunaweza.

Kuna jambo jingine kuhusu mashine ya pamoja ambalo lingestahili makala yake. Vimelea vya ugonjwa wa kuoza kwa majana wa Kimarekani hubaki hai kwa miongo kadhaa katika mabaki ya asali na nta, na mashine inayozunguka bila kuoshwa vizuri ni njia nzuri sana ya kuvisafirisha. Kwa leo naliacha.

## Hoja ya msituni

Nilipowaonyesha wenzangu rasimu ya pendekezo langu, mmoja wao, mtu makini ambaye hatumii dawa yoyote, alinijibu kwa hoja ambayo bado inanisumbua. Alinikumbusha kazi ya Thomas Seeley, mtafiti wa nyuki, katika msitu wa Arnot, jimbo la New York, ambako nyuki wa porini wameendelea kuishi wakiwa na varoa bila mtu kuwatibu. Kila tunapotibu, alisema, tunawaokoa hata wale ambao asili ingewaondoa, na hivyo tunalea nyuki wasioweza kujitegemea.

Sina jibu la kumaliza hoja hiyo. Nina tofauti ninayoiona. Makundi ya msituni yanaishi mbalimbali, takribani kundi moja kwa kilomita ya mraba. Hukaa katika mashimo madogo ya miti na hugawanyika mara kwa mara, na kila mgawanyiko huleta kipindi kisicho na majana ambamo varoa hawawezi kuzaliana. Yetu tumeyapanga safu moja, hatua mbili kati ya mzinga na mzinga, kwenye masanduku makubwa, na tunafanya kila tuwezalo yasigawanyike. Kundi linapoanza kufa kwa varoa katika safu kama hiyo, majirani huja kuiba asali na kurudi nyumbani na varoa wamewapanda mgongoni. Gharama ya uamuzi wa mtu mmoja hubebwa na mizinga ya wengine.

Mwenzangu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba kama hatua mbili ndizo tatizo, basi nipendekeze kutawanya mizinga badala ya kupendekeza dawa. Nimeiandika hoja hiyo pembeni ya rasimu, na bado ipo pale.

## Kikao chenyewe

Niliomba mambo machache: mkutano wa maandalizi ugawanywe, sehemu ya kwanza ihamie katikati ya majira ya joto, siku hiyo iwe ya kuhesabu varoa pamoja, na foleni ya mashine ipangwe upya ili wenye hesabu kubwa watangulie, hata kama ni wapya.

Kuhesabu si kazi ya kitaalamu. Unachukua nyuki wapatao 300, ambao ni kama nusu kikombe, kutoka kwenye sega la majana baada ya kuhakikisha malkia hayumo. Unawatikisa ndani ya pombe au sukari ya unga, kisha unahesabu varoa walioanguka. Wakifika 9, yaani 3 kwa kila nyuki 100, wafugaji wengi hukubaliana kwamba hatua ichukuliwe bila kusubiri. Pombe huwaua nyuki wale na hutoa hesabu ya kuaminika zaidi. Sukari huwaacha hai lakini huweza kuficha baadhi ya varoa. Mama mmoja aliuliza kama ni haki kuua nyuki 300 ili kujua hali ya kundi. Mimi naona ni haki, kwa kuwa malkia mwenye nguvu hutaga zaidi ya idadi hiyo kwa siku moja. Hata hivyo nilielewa kwa nini aliuliza, na ukumbi ulinyamaza kidogo kabla ya mtu mwingine kusema.

Upinzani mkubwa ulitoka mahali nisipopatarajia. Mweka hazina hakupinga sayansi wala gharama. Alisema kwamba katikati ya majira ya joto ndiyo wiki pekee za mwaka ambazo wanachama wana furaha, na kwamba chama kikianza kuwaita siku hizo kuzungumzia vifo, nusu yao hawatakuja, na watakaoacha kuja ni walewale wapya ninaowasemea.

Nilibaki kimya. Alikuwa sahihi kuhusu watu kwa kiwango kilekile ambacho mimi nilikuwa sahihi kuhusu nyuki.

Mwenyekiti ndiye aliyepata njia: siku ya kuhesabu iunganishwe na siku ya kurina kwenye manzuki ya chama, ambayo watu huijaza bila kuitwa mara mbili. Anayekuja kuonja asali apewe kikombe na chupa kwanza. Kikao kilikubali kujaribu kwa msimu mmoja. Suala la foleni lilipelekwa kwenye kamati, na anayejua vyama anajua maana yake, ingawa safari hii kamati imepewa tarehe ya kurudisha majibu.

## Kinachobaki kwa jioni za baridi

Mtu anaweza kudhani kwamba nikihamisha maandalizi, majira ya baridi yatabaki matupu. Nyuki wenyewe wangependa hivyo. Mzinga uliofungwa vizuri hauhitaji kufunguliwa. Inatosha kuuinua mara mojamoja kusikia uzito, kuondoa nyuki waliokufa wanaoziba mlango, na kuchagua siku moja ya ubaridi, kundi likiwa halina majana, ya kudondoshea asidi ya oksaliki, kwa kuwa wakati huo varoa hawana chumba cha kujificha. Kazi zilizobaki ni za watu: kupigilia fremu, kuyeyusha nta, kuwafundisha wanaoanza, kuagiza vifaa kwa pamoja.

Nimeomba jioni moja kati ya hizo itengwe kwa madaftari. Kila mwanachama alete tarehe yake ya kurina, tarehe ya kutibu na hali ya makundi baridi ilipoisha, bila kutaja jina kama hataki, nasi tuziweke kwenye jedwali moja. Huenda jedwali hilo likaonyesha kwamba foleni haikuwa na hatia. Nitakubali, ila kwanza nilione.

Anayetafutwa sasa ni msimamizi wa siku ya kuhesabu. Wajumbe walimtazama mzee, naye alikataa palepale: varoa ana upana wa milimita moja na nusu, alisema, na macho yake hayamwoni tena bila kioo cha kukuzia. Alipendekeza kazi hiyo apewe mmoja wa wale walio mwisho wa foleni ya mashine, kwa kuwa ndiye mwenye sababu ya kuhesabu bila kuruka hata mmoja. Jina bado halijaandikwa.